Usafi wa ufuo Lamu: tukishaokota, taka zaenda wapi?

MwanaLangoni (mwenye uzi)

Assalam alaykum watu wa Pwani, na hamjambo wengine wote.

Nina jambo limenikaa rohoni. Vijana wa Amu, yaani mji wa Lamu, tumejitokeza sana kwenye usafi wa ufuo. Jumamosi ya tatu ya Septemba ikifika, siku ya usafi wa fuo duniani, utatuona Shela, utatuona Manda, utatuona gatini. Fulana mpya, glavu, magunia, kisha picha ya pamoja. Mimi ni mmoja wao na nitaendelea kuwa. Lakini hebu tuulizane: yale magunia tukishayafunga mdomo huenda wapi?

Safari iliyopita niliyafuata. Punda walipakiwa shogi, yale makapu ya mgongoni, zikafurika, tukaswaga hadi jaani nyuma ya mji. Hapana ukuta, hapana uzio, hapana mtu wa kupokea. Gunia la kwanza likamwagwa, akaja mtoto akalichukua gunia lenyewe maana lilikuwa zima bado, na kusi, upepo wa kusini, likaanza kazi yake. Majuala, mifuko ya plastiki, yakaruka mwanzo. Mengine yakanasa kwenye miiba, mengine yakateremka na njia ya maji hadi mtaroni. Na mitaro ya Amu sote twajua yamwaga wapi.

Yaani tuliyaokota baharini, tukayapandisha punda, tukayarudisha baharini kwa mlango wa nyuma. Na chai tukanywa.

Sasa pendekezo langu, lipasueni mtakavyo. Tusifanye usafi mwingine kabla ya kujua gunia litalala wapi. Tuchambue palepale ufuoni: chupa za maji na soda kando, vizibo na madumu kando, ndara (kandambili) kando, nyavu na kamba kando. Kinachouzika kiuzwe. Kisichouzika kipimwe na kihesabiwe kwa jina la kampuni iliyokitengeneza, ili tujue twamdai nani. Picha zije mwisho.

Mtu_wa_Gati

Kaka, la jaa umenena. La kusimamisha usafi silikubali. Hizo picha unazozibeza ndizo zilizomleta mdogo wangu. Aliona wenzake wamejipanga Shela akasema na mimi naja. Mwambie mtoto wa kidato cha pili "ngoja kwanza tupate soko la plastiki" uone kama utamwona tena. Atakuwa uwanjani kwenye mpira. Halafu taka iliyo guniani, hata ikilala jaani, angalau siku hiyo haiko tumboni mwa kasa.

MwanaLangoni

Siku hiyo haiko, sawa. Mvua ya masika ikishuka itakuwa wapi?

Mlipa_Ada

Mimi nauliza kwa nini hii imekuwa kazi ya vijana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limesema wazi: kuzoa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu ni kazi ya kaunti. Kibanda changu nakilipia leseni kila mwaka. Halafu Jumamosi mwanangu aamke alfajiri aende akaokote chupa bila malipo, na mwenye kulipwa mshahara wa kazi hiyo amelala? Huo si uzalendo, huo ni kumfunikia mtu uzembe wake.

MwanaLangoni

@Mlipa_Ada hapo hatugombani hata kidogo. Ongeza na Kifungu cha 42: mazingira safi ni haki, si hisani. Na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 yataka taka zitenganishwe zinakotoka, na yataka kila kaunti iwe na mahali pa kuchambulia na kuokoa kinachofaa kutumika tena.

Ila nikuulize, vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti wewe huenda? Mimi nimekwenda. Ukumbi una wazee wa mitaa, wafanyabiashara wachache, na viti vitupu. Mwenzetu mmoja alisimama akasema "ufuo ni mchafu", akajibiwa "tumepokea", likaisha. Hakuwa na karatasi mkononi. Angekuwa na daftari la kilo, mahali gani, taka ya aina gani, mwezi upi, wangelazimika kumjibu kwa hesabu. Ndiyo maana naing'ang'ania mizani.

Nahodha_wa_Pate

Wanangu, mimi kuandika humu ni kwa taabu, kidole kimoja, lakini hili la bahari nilisemee.

Taka ya ufuo si moja. Ufuo wa ndani, unaotazama mkono wa bahari na mji, taka yake ni yetu wenyewe. Mifuko ya maziwa, daipa, chupa ya mafuta ya kupikia, kalamu za skuli. Ufuo wa nje unaotazama bahari kuu, upande wa Manda na Pate huko juu hadi Kiunga, una taka ya walimwengu. Kusi likivuma, mkondo hupanda na pwani kutoka upande wa Tanzania na Mombasa kuja kwetu. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikivuma, maji ya Somalia hushuka, yakakutana na yale yanayopanda, na makutano yake ni huku huku kwetu. Kila kitu kinachoelea kina msimu wake wa kutufikia.

Chupa ya mbali mtaijua. Ina vijikombe vyeupe vimeota juu yake kwa mashina laini kama nyama. Vile haviotei mtaroni, ni vya maji makuu. Ukipata iliyobakia karatasi yake utasoma Kiindonesia. Imevuka bahari nzima hiyo.

Basi mkihesabu, msichanganye fuo mbili katika daftari moja. Mtamdai mtu asiyedaiwa.

Jambo jingine. Nendeni baada ya bamvua, yale maji yanayojaa kupita kawaida, maji yakiwa yametoka. Bamvua hupandisha taka juu kwenye mstari wa mwani mkavu, na hapo ndipo vipande vidogo hukaa. Vijana huokota chupa kubwa zinazoonekana kwenye picha, wakaviacha vile vidogo mfano wa punje za mchele, vya bluu na vyeupe. Vile ndivyo samaki humeza.

Mtu_wa_Gati

Ami, shukran. Hili la daftari mbili sikuwahi kulifikiria.

Chini_ya_Sabaki

Hodi kutoka Malindi. Nahodha amesema taka ya walimwengu, mimi nina taka ya Nairobi.

Mto Sabaki humwaga maji yake kaskazini tu mwa mji wetu. Ukiufuata juu waitwa Galana, ukiufuata zaidi waitwa Athi, na Mto Nairobi huingia humo baada ya kupita kando ya jaa la Dandora. Kwa hivyo mvua ikinyesha vizuri huko bara, sisi Malindi bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa, wageni huuliza mbona maji si ya buluu kama kwenye picha, na baada ya tope huja chupa. Chupa, magogo, ndara mguu mmoja mmoja, sijui mguu wa pili huishia wapi.

Hii ni bahari ambayo hifadhi yake ilitangazwa 1968, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika kwa upande wa baharini. Matumbawe yanafunikwa na tope, kasa wanakula majuala wakidhani ni yavuyavu, wale wanyama laini wa kuelea. Kule Watamu kuna kituo cha kuwatibu kasa, na wanaopelekwa wengine huwa wanaelea tu, hawawezi kuzama. Plastiki imeziba utumbo, hewa imejaa ndani, mnyama wa baharini ameshindwa kwenda chini kutafuta chakula. Mimi nimemwona mmoja. Alikuwa akipiga makasia yake ya mbele na mgongo wote uko nje juani.

Sisi vijana wa huku tulilolianza ni kusema na vijana wa juu ya mto. Bado ni maneno tu. Lakini usafi wa mdomo wa Sabaki bila mtu wa Athi ni kupiga deki na bomba liko wazi.

Mlipa_Ada

Yaani nilipie leseni Lamu halafu niokote chupa ya mtu wa Nairobi na ya mtu wa Indonesia. Mambo hayo.

Bi_Mkomani

Wanangu mwazungumza sana bahari na mikondo, haya njooni jikoni.

Mimi nimezaliwa Amu na kuozwa Amu. Taka kubwa ya mtaani kwetu kwa sasa ni daipa. Si chupa. Chupa mtoto ataiokota akauze. Daipa nani ataishika? Na mwajua kwa nini haichomwi? Kina mama wameambiwa ikichomwa mtoto ataungua makalio. Mcheke msicheke, ndiyo imani iliyopo, na mtu akiogopa kuichoma wala hana pa kuitupa, usiku huiviringisha kwenye juala akaiteremsha baharini. Sasa nyinyi mtakwenda na fulana zenu kumfundisha mama huyo nini? Mmepata jibu la wapi aiweke?

Si kwamba natetea moshi. Plastiki ikichomwa mtaani, na vichochoro vyetu vilivyo vyembamba, moshi huo waingia kila nyumba, mtoto wa pumu ndiye aumiaye.

Na la pili ni sherehe. Zamani arusini maji yalikuwa kwenye mitungi, watu wakinywa kwa vikombe. Siku hizi kila mgeni na chupa yake ndogo, anakunywa nusu, anaiacha chini ya kiti. Maulidi ya Mfungo Sita je? Mji wafurika wageni kutoka kila pembe, Alhamdulillahi ni baraka, lakini asubuhi yake tembeeni Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, muone. Vijana wakitaka kampeni yenye maana, waende kwa wenye Maulidi mapema, wakae nao kwa adabu, waseme: mwaka huu maji yawe kwenye madumu makubwa na vikombe vya kuosha, na sisi vijana ndio tutakaosimama kuviosha. Hapo mzee gani atakataa?

MwanaLangoni

Bi, hili la Maulidi peke yake ni uzi mzima. Nalichukua. La daipa sina jibu, nakiri mbele ya umma.

Jicho_Kavu

Mimi naona mnazunguka tu. Hizi kampeni zote ni biashara ya mashirika. Mfadhili ataka picha, kijana ataka nauli na chakula cha mchana, bahari yabaki vilevile. Toeni posho muone nani atabaki.

Mtu_wa_Gati

Posho gani kaka? Mimi glavu zenyewe nilinunua.

Jicho_Kavu

Wewe labda. Wenzako waulize.

Msimamizi

Jicho_Kavu, hoja yako imesikika, ila usiwataje watu kwa mafumbo. Turudi kwenye mada.

Fundi_Matondoni

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni fundi wa mashua na plastiki nimeishika kwa mikono, basi nitoe la kazi badala ya la siasa.

Kwanza, plastiki haielei yote. Chupa ya maji ya kawaida, ile yenye namba 1 kwenye pembetatu chini, yazama isipokuwa ina hewa na imefungwa. Kizibo chake chaelea, kile ni plastiki nyingine, na madumu ya namba 2 pia yaelea. Ndiyo maana ufuoni mtakuta vizibo tele kuliko chupa. Msiandike kwenye daftari kwamba chupa ni chache. Ziko chini, kwenye mizizi ya mikoko na kwenye matope. Na Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwa hivyo hesabuni mzigo huo. Mkoko hupumua kwa mizizi yake inayochomoza juu. Ukiifunika kwa juala na nyavu chakavu, wauziba pua. Mimi ningewaomba vijana waache kidogo Shela inayopendeza, waingie mikokoni na mashua wakati maji yamejaa nusu. Hapana picha nzuri humo, mbu wapo.

Pili, kuuza. Plastiki ni nyepesi na ina maungo makubwa. Gunia la chupa zisizobonyezwa ni gunia la hewa. Kutoka Amu mzigo wapanda mashua hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, kisha lori hadi Mombasa. Nauli ya hewa hiyo yamaliza faida yote. Ndiyo maana mnunuzi akija huku hutaka madumu na vizibo, vitu vizito vya aina moja, visafi, na akiona mchanga ndani hukata kilo. Chupa za maji zikanyagwe ziwe bapa, vizibo vitolewe kwanza. Nyavu na kamba zitengwe, hizo huharibu mashine ya kusaga. Ndara hazisagwi pamoja na kitu chochote.

Tatu, na hili ni fahari yetu. Msiongee kama kwamba Lamu haijawahi kufanya kitu. Jahazi la Flipflopi limejengwa hapa hapa, urefu mita 9, kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa, likapambwa kwa ndara kama 30,000. Fundi aliyeongoza ujenzi ni Ali Skanda, mtu wa ukoo wa mafundi. Liliteremshwa majini Septemba 2018, na mapema 2019 likatweka tanga kutoka Amu hadi Zanzibar, kilomita 500 hivi. 2021 wakaenda nalo Ziwa Victoria. Kila ubao ulikatwa na kuunganishwa kwa mkono, kwa ustadi ule ule wa jahazi la mti. Watu walicheka mwanzoni, mimi nikiwamo kwenye kucheka.

Lakini nasema pia: jahazi moja lilimeza tani 10. Mji na visiwa vyake hutoa nyingine kesho. Kuzisaga ni kuzuri, kutozileta ni kuzuri zaidi.

Mwana_Tanga

Nawasoma kutoka ng'ambo ya mpaka. Sisi Tanzania mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, nyinyi mlitutangulia, Agosti 28, 2017. Kwetu ufuoni majuala yalipungua kwa macho, chupa hazikupungua. Na mifuko myembamba imeanza kurudi taratibu sokoni, unapewa kwa chini ya meza kama bangi. Vipi huko?

Bi_Mkomani

Vilevile mwanangu. Sheria yasema faini hadi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4, na muuza mchicha akufungia kwenye juala kweupe. Mimi nakwenda sokoni na kikapu changu cha ukili, wananiita bibi wa zamani.

Mlipa_Ada

Kwa muuza mchicha faini hiyo ni kichekesho. Anayeyaingiza kwa marobota mpakani ndiye wa kushikwa. Na kuna ile amri ya Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zisiingie fuo na hifadhi. Nendeni ufuo wowote wa watalii mhesabu chupa za maji. Amri iko, wa kuisimamia hayuko. Hapo sasa ndipo vijana wafaa kuwa na makali. Kuandika barua, kuuliza ni nani ofisa wa eneo hili, kuweka nakala.

(Mnaona, nimeanza kukubaliana nanyi, msizoee.)

MwanaLangoni

Tumezoea tayari 😄

Haya, nijumlishe yale ya kufanya tu, yaliyobaki yaendelee kujadiliwa. Nimebadilisha pendekezo: hatusimamishi usafi, Mtu_wa_Gati amenishinda hapo. Lakini safari ijayo ni mikokoni, kama alivyosema Fundi, na vijana wa kidato waje Jumamosi inayofuata kwenye ufuo wa ndani, maana mikokoni sitaki jukumu la mtoto wa mtu. Daftari mbili, la ufuo wa ndani na la nje, Nahodha ndiye atakayetuambia bamvua ni lini. Madumu na vizibo vitakaa kwa Fundi hadi vitoshe mzigo wa mashua. Bi, tunaomba utuongoze kwa wenye Maulidi, sisi tukienda peke yetu tutaonekana watoto.

Kilichobaki ni viwili. Fedha za mauzo atashika nani? Na mizani tunaipata wapi?

Jicho_Kavu

Fedha! Niliwaambia.

Chini_ya_Sabaki

Sisi Malindi tulifanya hivi: wanaoshika ni wawili, hawatoki mtaa mmoja, na kila kilo na kila shilingi yaandikwa kwenye ubao ukutani kwa kinyozi ambapo watu wote hupita. Jicho_Kavu akitaka, apewe yeye chaki.

Jicho_Kavu

Chaki nitashika. Nasema kweli, niiteni.

Bi_Mkomani

La Maulidi nitakwenda mwenyewe kwanza, kisha niwaite. Mje mmevaa kanzu, si fulana za kampeni.

Nahodha_wa_Pate

Bamvua ni mwezi mchanga na mwezi mpevu. Hesabuni siku mbili baada yake, asubuhi. Mashua ninayo, mafuta ni yenu.

Dada_Samaki

Sikutaka kuingia ila mizani imenitoa. Ninayo ya kuning'iniza, ya ndoana, napimia samaki sokoni. Chukueni. Lakini iwe imerudi kabla mashua za jioni hazijaingia, na muioshe kwa sabuni. Sitaki mteja aniulize mbona nguru wangu ananuka daipa.